Jua la Agosti, Hewa ya Machi

Leo asubuhi nimetoka na shati jepesi, nikarudi baada ya dakika kumi kuchukua koti. Adhuhuri nikalivua. Saa nane mvua ya mawe ikaanguka, punje ndogo nyeupe zikirukaruka kibarazani kama shanga zilizokatikiwa na uzi. Saa tisa jua likawaka, na mawe yote yakawa maji. Watu wawili tuliojibanza nao chini ya paa moja walikubaliana kwamba mwaka huu kiangazi hakiji. Wiki iliyopita, siku moja ya joto, niliwasikia hao hao wakikubaliana kwamba kiangazi cha mwaka huu kitatuchoma.

Siwacheki, maana nimekuwa hivyo miaka mingi. Kila siku ya majira ya machipuko huku kaskazini mwa dunia niliipokea kama barua kutoka Julai. Jua likitoka, barua njema. Upepo ukivuma na theluji ya kuchelewa ikidondoka, msiba. Nina daftari ambalo humo naandika siku mti ulio mbele ya dirisha langu ulipofungua jani la kwanza, siku nilipoona mbayuwayu wa kwanza, usiku wa kwanza niliolala dirisha likiwa wazi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, nilikuwa naandika utabiri wangu wa kiangazi. Kalamu hiyo nimeacha kuitumia. Nilipokaa siku moja kulinganisha utabiri na yaliyotokea, niligundua kwamba ningerusha sarafu ningepata matokeo yale yale, na ningeokoa wino.

Lugha yetu haina jina kongwe la majira haya. Tuna masika, vuli, kipupwe, kiangazi na demani, majina yaliyofuata mvua na pepo, kwa kuwa karibu na ikweta mchana haurefuki wala kufupika kiasi cha kumgutusha mtu. Ndiyo maana tunasema majira ya kuchipua, au machipuko, jina linalotaja miti badala ya hali ya hewa. Naona tumebahatisha vizuri. Katika miezi hii mti unajua unachofanya. Hewa haijui.

Chanzo cha vurugu yote ni mwinamo. Dunia imeinama kwa nyuzi 23.4, na inalizunguka jua ikiwa imeinama hivyo hivyo, upande mmoja ukielekezwa juani kwa miezi sita, kisha mwingine. Umbali hauhusiki sana: mwanzoni mwa Julai, kaskazini kukiwa na joto, dunia ndipo huwa mbali zaidi na jua, kilomita milioni 152 hivi, na mwanzoni mwa Januari huwa kilomita milioni 147. Karibu na Machi 20 huja sikusare, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kuwa sawa kila mahali. Hapo ndipo mchana unakimbia kuliko wakati wowote. Mahali palipo latitudo ya 50 unaongezeka karibu dakika 4 kila siku, karibu nusu saa kwa wiki. Mtu aliyezoea kurudi nyumbani gizani anainua kichwa siku moja na kukuta bado kweupe, akadhani saa yake imeharibika. Ifikapo Juni 21 mbio hizo zimekwisha kabisa.

Lakini mwanga ni kitu kimoja na joto ni kingine, na tatizo la machipuko liko kwenye pengo kati ya hivyo viwili. Chukua kalenda. Aprili 20, jua la adhuhuri hupanda juu karibu sawasawa na Agosti 22. Ni jua lile lile, kwa pembe ile ile. Agosti linakuta ardhi iliyokwisha kupashwa miezi mitatu, maziwa ya vuguvugu, hewa iliyoiva. Aprili linakuta udongo uliotoka kwenye barafu juzi. Bahari ndiyo mzito kuliko wote: maji yanataka joto karibu mara tano ya lile linalotakiwa na mchanga mkavu wa uzito ule ule, na katika latitudo za kati bahari huwa baridi zaidi Februari au Machi, wakati maua ya kwanza yameshatoka. Ndiyo sababu upepo wa baharini mwezi wa Aprili unakata kama wembe hata jua likiwaka, na ndiyo sababu mtu aliyejipumzisha kwenye benchi akihisi ubaridi mzuri anarudi nyumbani uso umebabuka. Amechomwa na jua la Agosti akiwa ndani ya hewa ya Machi.

Mvua ya mawe ya leo nayo ilitoka humo. Jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa iliyoigusa, hewa hiyo inakuwa nyepesi na kupanda, na huko juu inakuta baridi ambayo majira yaliyopita hayajaiondoa. Kadiri tofauti ya chini na juu inavyokuwa kubwa, ndivyo hewa inavyopanda kwa nguvu, na wingu linavimba kama pamba inayopasuka kutoka kwenye kitumba chake. Nusu saa baadaye limemwaga kila kitu na kujifia. Jioni jua likishuka mashine yote inazimika, mawingu yanayeyuka, na usiku unakuwa mweupe wa nyota. Watu hushangilia usiku kama huo. Mwenye bustani hushika kichwa.

Nilijifunza kwa gharama. Mwaka mmoja Aprili ilikuwa tamu, nikatoa miche yangu ya maboga nje, ishirini na kitu, niliyoilea dirishani tangu ikiwa punje. Mchana ule nilikuwa na jasho. Usiku hakukuwa na wingu hata moja, na wingu ni blanketi: linarudisha chini sehemu ya joto ambalo ardhi inalitupa juu. Pasipo wingu ardhi ikatoa joto lake lote angani. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, ikateremka mteremko polepole kama maji na kutuama kwenye kibonde, na mimi kwa akili zangu nilikuwa nimepanda kibondeni kwa sababu hakuna upepo. Alfajiri sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imetanda kama unga. Miche ilisimama vizuri, ya kijani, ikameremeta. Jua lilipoipiga ikalala yote, myeusi, kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Mche mmoja uliokuwa juu ya kichuguu, hatua sita kutoka hapo, haukuguswa.

Kilichoniuma si maboga. Ni kwamba joto la wiki mbili zilizotangulia ndilo lililonidanganya, na miti nayo hudanganyika hivyo hivyo, ingawa si kwa urahisi kama mimi. Tufaha na cheri hazifungui matumba kwa kuona siku moja ya jua. Kwanza huhesabu baridi: mti unahitaji mamia ya saa za ubaridi kabla haujakubali kwamba majira ya baridi yamepita kweli. Hesabu hiyo ikitimia, ndipo unaanza kuhesabu joto. Ni utaratibu wa busara, ila una kasoro moja. Joto likija mapema mno baada ya hesabu ya kwanza kukamilika, mti unachanua wakati usiku wa sakitu bado haujaisha. Ufaransa mwaka 2021 mwisho wa Machi ulikuwa na joto la ajabu, mizabibu ikachipua, kisha mwanzoni mwa Aprili baridi ikashuka. Wakulima walikesha mashambani wakiwasha maelfu ya mishumaa mikubwa kati ya mistari ya mizabibu. Kwenye picha za usiku ule mabonde yanaonekana kama mji wenye sherehe. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa duni sana.

Kuna njia nyingine ya kuokoa maua, na nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Usiku wa sakitu, mkulima anawasha mabomba na kuinyeshea miti maji mpaka alfajiri. Maji yanaganda juu ya maua, mti mzima unavikwa kioo, na ua lililo ndani ya barafu linapona. Siri ni kwamba maji yanapoganda hutoa joto. Mradi maji mapya yanaendelea kuganda juu yake, tumba linabaki karibu na nyuzi sifuri, na sifuri yenyewe halijaiogopa. Linauawa na nyuzi kadhaa chini yake. Ukizima bomba kabla ya jua umeua kila kitu. Nakuomba uishike habari hii ya maji, nitairudia.

Dada yangu anaishi upande wa kusini wa dunia, ambako machipuko huanza Septemba. Kila Aprili tunapishana. Yeye anatoa makoti kabatini, mimi nayaingiza, halafu nayatoa tena. "Mdogo wangu," aliniambia mwezi uliopita, "wewe umesoma mambo haya miaka yote, hebu niambie, hicho kiangazi chenu kitakuwaje?" Nikamjibu, "Dada, hata wenye mitambo hawajui." Hakuridhika. Kwa nini mtu anaweza kusema kupatwa kwa jua kutatokea saa ngapi miaka hamsini ijayo, asiweze kusema Julai itanyesha au la?

Swali zuri. Jibu lake lilianza kuonekana mwaka 1961, Marekani, pale Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alipokuwa akiendesha hesabu za hali ya hewa kwenye kompyuta. Alitaka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza namba aliyoisoma kwenye karatasi, 0.506, kumbe ndani ya kompyuta ilikuwa 0.506127. Kwa muda kidogo hesabu mbili zilikwenda sambamba. Kisha zikaachana, na baadaye hazikufanana kwa lolote. Tofauti ndogo kiasi hicho, ambayo hakuna kipimajoto kingeiona, ilitosha kuzaa hali ya hewa nyingine kabisa. Ndiyo maana utabiri wa siku kwa siku hufifia ukishapita wiki mbili hivi. Utabiri wa msimu upo, lakini ni wa aina nyingine: unasema uwezekano wa kiangazi kuangukia theluthi yenye joto zaidi ni asilimia 50 badala ya 33, basi. Ni taarifa ya kweli na inafaa kwa mwenye bwawa la umeme au ghala la nafaka. Kwa mtu anayetaka kujua kama Jumamosi ya tatu ya Julai atakaa nje na wageni wake, ni sawa na kimya.

Machipuko yenyewe yanazidisha ugumu. Kilomita kumi hivi juu yetu kuna mkondo wa upepo mkali unaokwenda kutoka magharibi hadi mashariki, na nguvu yake inatokana na tofauti ya joto kati ya nchi za tropiki na ncha ya dunia. Majira ya baridi tofauti ni kubwa na mkondo unakwenda kwa kasi. Jua likirudi tofauti inapungua, mkondo unalegea na kuanza kupinda kama mto uliofika tambarare. Wakati mwingine kona moja inakatika, na eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa linatia nanga mahali pamoja wiki nzima, hata mbili. Ukiwa chini ya eneo hilo unapata anga la buluu na unaanza kununua viti vya bustanini. Ukiwa upande wake wa mashariki hewa ya ncha inakushukia, unavaa soksi mbili. Majira ni yale yale na mwezi ni ule ule. Ninyi wawili mmetofautiana tu mahali mliposimama kwenye mpindo. Na mpindo huo ukishapita haumwachii Julai ujumbe wowote.

Mara nyingine sababu haipo hata kwenye hewa ya mwaka ule. Mwaka 1816, theluji ilianguka Juni kaskazini-mashariki mwa Marekani, na Ulaya magharibi mazao yalioza kwa mvua na baridi. Waliokuwa hai wakati ule walitazama mawingu yao na madoa ya jua wakitafuta maelezo. Sababu kubwa ilikuwa mlima Tambora, Indonesia, uliolipuka Aprili 1815 na kutupa gesi ya salfa juu kiasi kwamba utando mwembamba ukalizuia jua dunia nzima. Nani angeusoma mlima huo kwenye matumba ya mti wake?

Kwa hiyo niliacha kalamu nyekundu. Ila baadaye nilirudi kwa mlango wa nyuma, kwani kuna ujumbe mmoja ambao machipuko huuacha kweli, na siku zote nilikuwa nautafuta mahali pasipo penyewe. Nilitazama juu. Uko chini.

Ni maji yaliyomo udongoni. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 ni kazi. Kuyageuza yote mvuke baada ya hapo kunataka zaidi ya mara sita ya joto hilo. Udongo wenye maji unafanya kazi hiyo hiyo kimyakimya kila mchana wa kiangazi, bila hata kuchemka: jua linapiga, maji yanapanda kupitia mizizi na majani, na sehemu kubwa ya nguvu ya jua inaishia kwenye mvuke badala ya kupasha hewa. Udongo ukikauka, kazi hiyo inakoma, na nguvu yote inageuka kuwa joto tupu. Hewa ya joto nayo inakausha kilichobaki. Mwaka 2003 Ulaya iliingia kiangazi baada ya machipuko makavu, udongo ukiwa na deni la maji tangu Februari na Machi. Wimbi la joto lilipokuja halikukuta breki. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha vifo zaidi ya 70,000 vilivyozidi vya kawaida, wengi wakiwa wazee, wengi wakiwa majumbani mwao.

Sitaki kusema kwamba machipuko makavu yanaleta kiangazi kikali. Hapo nitakuwa nimeishika tena kalamu nyekundu. Wimbi la joto linaletwa na upepo wa juu na hakuna anayelijua mwezi wa Aprili. Ninachosema ni kwamba likija, udongo ndio utakaoamua litauma kiasi gani. Na hata mvua si hesabu rahisi. Machipuko yenye jua na joto huamsha miti mapema, na mti ulioamka mapema unaanza kunywa mapema. Mwaka 2018 kaskazini na katikati ya Ulaya mimea ilistawi vizuri mno mwanzoni, ikafyonza akiba, na kiu ilipokuja Julai ghala lilikuwa limeshaguswa. Siku zile nzuri za Aprili tulizozipiga picha zilikuwa zinalipwa na mfuko wa Julai.

Tangu nilipoelewa hilo, uhusiano wangu na mvua ya Aprili umebadilika, ingawa sijafika mahali pa kuipenda saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na viatu vinavyovuja. Wenzangu wakilalamika nanyamaza. Nazihesabu siku za mvua kama mtu anayesikia sarafu zikidondoka kwenye mtungi. Sitazami tena programu ya hali ya hewa mara kumi kwa siku. Nachukua kijiko cha bustani, nachimba urefu wa kiganja, nachukua bonge, nalifinya. Likishikamana na kuacha unyevu mkononi, naandika "limeshika". Likimomonyoka kama mkate uliolala, naandika "limekataa". Ni kipimo cha kienyeji na kinahusu bustani yangu tu, lakini kila mwaka nikirudi kwenye daftari, safu hiyo ina maana kuliko utabiri wangu wote wa zamani.

Hata matumaini yangu yamepungua ukubwa, na sijui kama ni hekima au ni umri. Zamani nilitaka kiangazi kirefu kisicho na wingu, Juni hadi Septemba, kama cha kwenye kadi za salamu. Sasa nakitaka kile ambacho hakitaandikwa popote. Mvua ya usiku kila baada ya siku saba au nane, iondoke kabla ya chai. Mchana wa nyuzi 24, 25, ipande mpaka 28 siku mbili tatu ili watoto waogelee na bahari ipate kupashwa kidogo. Zaidi ya yote nataka usiku unaopoa. Mchana mkali unavumilika ikiwa alfajiri itakuja na hewa. Mwili unaochemka mchana na usiku hauna wakati wa kujirekebisha. Ninapofungua dirisha saa nne usiku nataka pazia litikisike.

Je, ni mengi kuomba? Rekodi ya maua ya cheri ya mji wa Kyoto, Japani, inarudi nyuma hadi mwaka 812. Wale wenyeji wa kasri walioandika siku ya maua kwa ajili ya sherehe zao walituachia bila kujua kipimajoto cha miaka elfu na mia mbili. Mwaka 2021 maua yalifikia kilele Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia humo. Miaka iliyowahi kuyakaribia, kama 1409, ni ya karne nyingi nyuma, kwa tofauti ya siku moja. Kwa hiyo ninapoomba kiangazi cha kawaida najua kwamba neno lenyewe linahama. Watabiri hupima wastani kwa miaka thelathini, sasa ni 1991 hadi 2020, na Julai iliyoitwa ya joto kali utotoni mwangu leo inaweza kupita bila kutajwa.

Mbayuwayu hajafika bado. Mwaka jana aliandikwa Aprili 17. Anatoka mbali, wengine wao kusini kabisa mwa Afrika, kilomita zipatazo elfu kumi, na akifika akakuta wiki ya baridi isiyo na wadudu hana pa kulalamikia. Watu wa kaskazini husema mbayuwayu mmoja haleti kiangazi. Mimi humsubiri huyo mmoja.

Jioni hii, mvua ya mawe ilipokwisha kuyeyuka, dada amepiga simu. Kwao majani yanadondoka. Ameniuliza tena, "Haya, umeona dalili gani?" Nikamwambia nimetoka kuchimba sasa hivi, na kijiko kimezama mpaka kwenye mpini bila kukutana na mahali pakavu, na bonge limeshika.

"Limeshika nini?"

"Limeshika tu, dada."

Amekaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama nina homa.